Piesi ya muzee yenye "kosa": tuipime kwanza, tusilipe mbio

Siku moja kisha mkutano wetu wa sendika, mama mmoja alibakia kwenye kiti wakati wengine wanatoka. Ni mjane wa mwenzetu wa zamani, mutu mwenye alitumika miaka mingi ku mashine ya kusaga mawe na alikufa akingojea dekonti finali yake. Mama alifungua kitambaa, akatosha kopo ya tumbaku. Ndani mulikuwa piesi kumi na nne za zamani: za tembo, za tundu katikati, moja ya pembe sita, mbili za ndizi na musalaba wa Katanga. Muzee alikuwa anazichunga tangu wakati wa baba yake.

"Bandugu," mama alisema, "munikopeshe dola 80. Nikizituma, watanilipa dola 8 000."

Tulimuuliza: nani atalipa? Alituonyesha telefone ya kijana wake. Mutu mwenye hawajamuona hata siku moja aliwaandikia kama ile piesi ya tembo ya 1944 iko na kosa la kiwanda, maandiko yake yanaonekana mara mbili, na kuko tajiri mumoja ku Ulaya anaitafuta. Mama alikwisha kutuma dola 120 za "ekspertizi". Ilikuwa minervali ya watoto wawili. Sasa walikuwa wanamuomba 80 ingine, ya duane.

Tulimwambia: mama, keti kwanza. Tukatafuta lupu, mizani ndogo yenye watu wa dhahabu wanatumia, na sumaku yenye tulitosha ndani ya aparele ya muziki yenye ilikufa. Tukaweka zile piesi zote kumi na nne ku meza.

Tunaandika habari hii juu tunajua mama si peke yake. Ndani ya nyumba mingi za Likasi, Kolwezi, Kipushi na Kambove kuko kopo kama ile. Na siku hizi kila telefone inaonyesha video ya mutu anashika piesi na kusema iko na bei ya nyumba. Kitu kimoja ni kweli: kuko piesi za kosa zenye zinauzwa bei kali sana. Kitu kingine ni kweli pia: ndani ya piesi mia zenye watu wanaita za kosa, karibu zote ni piesi zenye ziliumia, ao piesi zenye zilitengenezwa vile kusudi.

Sisi watu wa mine tunajua ile muchezo. Muchimbaji mwenye hajui teneri ya jiwe lake, njo mwenye negosia anakula. Anamwambia teneri iko chini, na mwenyewe hana kitu cha kujibu. Na piesi ni vile vile, paka kwa kugeuza: huku wanakuambia teneri iko juu sana, kusudi ulipe mbele. Dawa ni moja: jifunze kupima wewe mwenyewe.

Namna piesi inazaliwa

Mutu hawezi kujua kosa kama hajui kazi. Kiwanda kinanyoosha chuma kuwa bati refu, kisha mashine inakata mule visahani vya duara, bila picha wala maandiko. Kisahani kinaingia katikati ya vyuma viwili vya kashe, kimoja juu, kimoja chini. Kandokando kuko pete ya chuma kigumu yenye inashika kisahani kisipanuke. Vyuma viwili vinakutana kwa nguvu ya tani na tani, mara moja. Chuma kinakimbia ndani ya kila shimo la kashe, picha inatokea pande zote mbili, na piesi inaanguka. Mashine inarudilia vile siku nzima.

Kwa hiyo makosa ya kweli yanagawanyika mafungu matatu, na kila moja inatoka mahali pake.

La kwanza ni kosa la kisahani. Bati ilisogea vibaya, mashine ikakata mahali kwenye ilikwisha kukata, na kisahani kikatoka na upande moja umelika kama mwezi. Ao chuma kilikuwa na uchafu ndani, na ngozi ya juu inabanduka. Ao kisahani cha piesi ingine, cha chuma kingine, kilipotea njia na kuingia mu mashine haiko yake.

La pili ni kosa la chuma cha kashe. Kashe inapasuka kwa kazi mingi. Ufa unajaa chuma, na ku piesi unaona mustari umeinuka. Kipande cha kashe kikivunjika pembeni, piesi inabakia na uvimbe bila picha. Ao wakati wa kutengeneza kashe yenyewe, picha ilipigwa mara mbili bila kulingana, na kila piesi yenye inatoka mule inakuwa na maandiko mara mbili.

La tatu ni kosa la kupiga. Kisahani hakikukaa vizuri, picha ikaenda pembeni na nusu ingine ikabakia tupu. Ao pete haikuwa mahali pake, na piesi ikapanuka kama chapati. Ao piesi yenye ilikwisha kupigwa ilinata ku kashe, na yenye inafuata ikapigwa nayo: unaona picha moja mbele, na ile ile picha nyuma, lakini imezama na imegeuka kama ndani ya kioo.

Shika neno moja tu katika yote haya: kosa la kweli linazaliwa mbele ao wakati wa kashe kupiga. Kila kitu chenye kilifika kisha piesi kutoka kiwandani, hata kikiwa cha ajabu namna gani, ni kidonda. Na kidonda kinapunguza bei.

Kidonda haiko kosa

Ku meza ya mama kulikuwa falanga moja ya tembo yenye ilikuwa ndefu kama yai na nyembamba sana. Kijana alikuwa na hakika ni kosa. Tulicheka kidogo, juu nani kati yetu hakuweka piesi ku reli akiwa mutoto, akingoja treni? Pete ya kiwanda haiwezi kutosha yai. Na ukiangalia na lupu, tembo yenyewe imevutika pamoja na chuma. Kama lingekuwa kosa la kupiga, tembo angebakia na umbo lake na paka kando ya piesi ingepanuka.

Piesi yenye imelika upande moja, ichunguzeni hivi. Kama ni kosa la kweli la kukata, angalia upande wenye unaelekeana na ile sehemu imelika: ukingo wa pale mara mingi unakuwa zaifu, umefifia, juu wakati wa kupiga chuma hakikusukumwa vizuri kule. Kama ukingo wa upande ule iko nguvu, na mahali pa kulika kuna mikwaruzo ya lime ao ya msumeno, mutu aliikata nyumbani.

Picha imezama na imegeuka? Pima. Ndani ya ateliye, mutu anaweza kubana piesi mbili ndani ya etau, moja inaacha alama yake juu ya ingine. Lakini pale picha ya kwanza ya piesi inakuwa imepondeka upande wa pili. Kashe ya kiwanda haipondi namna ile.

Piesi ya vichwa viwili? Karibu siku zote ni piesi mbili: moja imechimbwa ndani, ingine imepunguzwa, kisha imeingizwa mule. Tafuta mustari mwembamba wa duara ndani ya ukingo, kisha uiangushe ku meza na usikie sauti. Ya uzima inalia. Ya kuunganishwa inatosha sauti ya kufa.

Piesi ya rangi ya njano imegeuka nyekundu? Wenzetu wa ku ateliye za asidi wanajua jibu bila kuuliza. Shaba ya njano ni shaba na zinki. Asidi inatosha zinki ku ngozi, shaba nyekundu inabakia juu. Haiko kosa la chuma, ni piesi yenye ililala ndani ya asidi. Na kinyume chake: wenye wanatumika ku elektrolize wanajua kama shaba inaweza kukaa juu ya chuma kingine kama shati. Rangi ya juu haisemi kitu juu ya ndani. Ulizeni mizani na sumaku, hapana macho.

Sasa tufike ku tembo wa mama, mwenye "maandiko mara mbili". Kuko namna mbili za kuona mara mbili. Kama kashe yenyewe ilitengenezwa na picha mbili, maandiko ya pili yanainuka, iko na mugongo wa duara kama ya kwanza, na ku ncha za herufi unaona mupasuko mudogo kama ulimi wa nyoka. Lakini kama kashe ilitetemeka tu wakati wa kupiga juu mashine ilikuwa inalegea, unaona kama ngazi: pembeni ya herufi kuko sehemu imelala, tambarare, inangaa, na herufi yenyewe imekonda. Hii ya pili iko mingi sana ku piesi za dunia nzima, na karibu haiongeze kitu ku bei. Tembo wa mama alikuwa na ngazi.

Zenye watu wanaita kosa, kumbe ni vile zilivyo

Piesi za inchi yetu ziko na mambo yenye yanadanganya mutu mwenye hajazizoea.

Ile ya pembe sita ni falanga mbili ya 1943. Hakuna mutu aliikata. Ilipigwa vile kusudi, na zilitoka milioni 25.

Zile za tundu katikati, za santimu, tundu ni lake tangu zamani za Leopold II. Kosa la kweli lingekuwa tundu kukosekana, ao tundu kuwa pembeni. Lakini mbele ya kufurahi, angalia: tundu lenye linakosekana, je, halikujazwa na risasi ya kuunganisha? Lupu itaonyesha duara ya rangi ingine. Na tundu lenye mutu alitoboa nyumbani kusudi mutoto avae piesi ku shingo linaacha meno makali na linakata ndani ya picha bila huruma.

Piesi moja imeandikwa Kifaransa, ingine ya mwaka ule ule Kiflama? Zote mbili ni za kweli. Wakati wa mufalme Albert I walipiga falanga na santimu 50 kwa luga mbili, kila moja mbali. Kisha, ku piesi za tembo, luga zote mbili zilikaa pamoja. Na zile za alimini za miaka ya 1950 zenye zinataja Ruanda-Urundi pamoja na Congo, haikuwa kuchanganya: ilikuwa piesi moja kwa makoloni yale yote.

Umegeuza piesi na nyuma inaonekana kichwa chini? Kuko inchi zenye zinapiga vile kwa mapenzi. Tafuta piesi ya pili ya namna ile ile na ulinganishe. Kama zote ni vile, hakuna kosa.

Sengi 10 ya 1967 yenye chui ni nyepesi kama karatasi juu ni alimini. Likuta ya mwaka ule nayo ni alimini. Wazee wanakumbuka: sengi 100 zilifanya likuta moja, makuta 100 zilifanya zaire moja. Jina la makuta lilibakia ku midomo yetu mupaka leo, piesi zenyewe zilipotea.

Na zile mbili za Katanga za 1961, ya falanga 1 na ya falanga 5, ziko za bronze, na ndizi upande moja na musalaba upande wa pili. Kuko pia falanga 5 ya dhahabu ya mwaka ule ule, yenye picha sawasawa. Hapa wadanganyi wanapita: wanapaka ya bronze rangi ya dhahabu. Dawa ni mizani. Ya dhahabu ni gramu 13,33. Kwa ukubwa ule ule bronze inafika karibu nusu tu. Wachimbaji wa dhahabu hawahitaji tuwafundishe ile.

Ule musalaba wenyewe unatufundisha kitu. Babu zetu waliyeyusha shaba na kuimwanga ndani ya kinu, wakatosha misalaba yenye ilifanya kazi ya feza mbele ya wazungu kufika. Hakuna musalaba mbili zenye zinalingana kabisa, na hakuna mutu aliziita za kosa. Neno kosa lilikuja pamoja na mashine, juu mashine njo inaahidi kama zote zitakuwa sawa.

Senti ya shaba ya 1943

Tuseme sasa habari ya piesi ya kosa yenye inajulikana kupita nyingi, juu iko na mukono wa shaba ndani, na juu ilitoka kiwanda kimoja na ile yetu ya pembe sita.

Ilikuwa wakati wa vita. Shaba ilitafutwa kwa risasi, kwa mizinga na kwa nyuzi za umeme. Ya kwetu ilikuwa inaenda ku vita vile vile. Wafanyakazi wenye walikuwa wanaitosha, mu Desemba 1941 waliacha kazi Élisabethville wakiomba mushahara uongezwe, na tarehe 9 askari waliwapiga risasi. Njo bei yenye shaba ilikuwa nayo siku zile, na njo bei yenye walimupa muchimbaji.

Marekani nayo ilikosa shaba ya kuweka ndani ya senti yake. Mwaka 1943 walipiga senti za chuma cha kawaida chenye kimepakwa zinki, nyeupe. Mwaka ule ule, kiwanda cha Philadelphia kilikuwa kinapiga falanga mbili zetu za pembe sita, na zile zilikuwa za shaba ya njano. Mwaka wenye kufuata walipigia Ubelgiji falanga mbili juu ya visahani vya senti vya chuma vyenye vilibakia.

Sasa, visahani vichache vya bronze vya mwaka wa 1942 vilibakia vimejificha ndani ya masanduku na mashine. Vikapigwa na kashe ya 1943. Kosa la kisahani, kama tulivyosema juu. Hazifike makumi matatu zenye zinajulikana leo, kutoka viwanda vyote vitatu vya Marekani. Ya Denver inajulikana moja tu, na mwaka 2010 iliuzwa dola milioni 1,7.

Mwaka 1947, kijana wa miaka 16 wa Pittsfield, jina lake Don Lutes, alipata moja ndani ya chenji ya kantini ya masomo. Wakati ule habari ilikuwa imetapakaa kama Henry Ford atamupa motokari mupya kila mutu mwenye ataleta senti ile. Kijana akauliza kampani ya Ford. Wakamujibu ni bwongo. Akauliza wakubwa wa hazina ya serikali. Wakasema hakuna senti ya shaba ya 1943, zote ni za chuma. Hakuiuza, hakuitupa. Aliichunga miaka makumi saba. Kisha kufa kwake, mu Januari 2019, iliuzwa kwa mnada dola 204 000, na ile feza ilienda ku nyumba ya vitabu ya muji wake.

Angalieni vizuri ile habari. Bwongo ya motokari ya 1947 na bwongo ya video ya leo ni ndugu ya tumbo moja. Na watu walipoanza kutafuta ile senti, wadanganyi walianza kuitengeneza. Wengine walipaka shaba juu ya senti ya chuma. Wengine walichukua senti ya shaba ya 1948 na kukata nusu ya 8 kusudi ionekane 3. Ya kwanza inashikwa na sumaku: ya chuma inaruka ku sumaku, ya bronze inabakia. Mizani inasema vile vile: ya bronze ni gramu 3,11, ya chuma ni 2,70. Ya pili inashikwa na lupu: 3 ya kweli ya mwaka ule iko na mukia murefu wenye unashuka chini, 3 ya kukata haina. Sumaku, mizani, lupu. Vitu vitatu, na karibu bwongo yote inaanguka.

Bei inatoka wapi

Kama kosa ni la kweli, haimaanishe bei iko juu. Bei inatoka mambo mane.

Kwanza, kosa linaonekana namna gani? Ufa mwembamba wenye unahitaji lupu hauna bei kama picha yenye ilienda nusu pembeni, na mwaka bado unasomeka. Piesi yenye haina tena mwaka wala jina la inchi inapoteza bei.

Pili, ziko ngapi? Senti ya Marekani ya 1955 yenye maandiko mara mbili ya kweli, zilitoka karibu elfu makumi mbili. Zingine ziliwafikia watu kama chenji ndani ya pakiti za sigara. Ziko mingi kuliko ya shaba ya 1943, lakini kosa linaonekana na macho tu, na wenye kuitaka ni mingi zaidi. Basi hata yenye imetumika inapita dola elfu moja.

Tatu, hali yake. Na hapa tunawaomba, bandugu na bamama: hapana kusafisha. Hapana limau na majivu, hapana mchanga, hapana asidi ya kazi. Ile rangi ya zamani juu ya shaba njo cheti chake cha kuzaliwa. Piesi yenye imesuguliwa inangaa kama sahani, na mununuzi anakata bei nusu ao anaikataa. Ishike ku ukingo, uiweke ndani ya karatasi kavu, moja moja.

Nne, nani anaitaka? Marekani iko na watu mamilioni wenye wanakusanya piesi zao. Zetu za koloni ziko na wapenzi wao, zaidi Ubelgiji, lakini ni wachache. Kosa lenye ku senti ya Marekani lingefanya mamia ya dola, ku falanga yetu linaweza kufanya makumi. Falanga ya tembo ya kawaida, yenye imetumika, ni dola moja, mbili, tatu. Ile kubwa ya falanga 50 ya 1944, ya tembo, njo ingine habari: ndani yake nusu ni feza nyeupe ya kweli, na wenye kukusanya wanaitafuta hata bila kosa.

Na mutu akikuonyesha bei, umuulize: hii ni bei yenye muuzaji anaomba, ao bei yenye mununuzi alilipa? Mutu anaweza kuandika milioni mbele ya piesi ya dola mbili. Hakuna polisi wa kumukataza. Bei ya kweli ni yenye ilitoka ku mnada wenye ulikwisha.

Mutu wa kweli na mudanganyi

Nyumba ya mnada ya kweli inakata sehemu yake kisha kuuza. Haikuombe utume feza kusudi ulipwe feza. Nyumba zenye zinapima piesi na kuifunga ndani ya kiboksi cha plastiki, kama PCGS na NGC za Marekani, zile zinalipisha kazi yao, ni kweli. Lakini wewe njo unawaandikia, bei yao iko wazi, na hawakuahidie mununuzi. Na kwa piesi yenye bei ya dola tano, malipo yao na ya kutuma yanapita piesi yenyewe mara mingi.

Mudanganyi anajulikana kwa mambo haya. Yeye njo anakutafuta. Anakubali bei bila kuona piesi ku mukono, paka ku foto. Tajiri wake hana jina. Kila mara kunabakia malipo moja ya mwisho: ekspertizi, kisha duane, kisha muhuri wa waziri. Na anakuambia usiseme na mutu. Hii ya mwisho njo mubaya zaidi. Sisi wa sendika tunaijua vizuri: mwenye anataka kukula haki yako, anaanza kwa kukutenga na wenzako.

Kama uko na piesi yenye unafikiri iko na kosa, fuata njia hii. Tafuta ya pili ya namna ile ile, ulinganishe. Pima uzito. Weka sumaku. Angalia na lupu, mchana, ku mwangaza wa jua. Piga foto pande mbili pamoja na rula. Onyesha watu wawili wenye hawafahamiane. Usiache piesi ku mukono wa mununuzi kama hajalipa, na ukiuza, uuze mbele ya mushahidi.

Kopo ya mama

Tulimaliza meza ya mama giza ikianza kuingia. Piesi kumi na nne. Kumi na mbili ziko za kawaida, zimetumika. Moja ni ile ya reli. Ya kumi na nne, yenye hakuna mutu aliifikiria, ilikuwa santimu ya tundu. Tundu lake liko pembeni, limegusa karibu ukingo wa duara ya ndani. Hakuna meno, hakuna mikwaruzo, na rangi ya zamani inaingia mupaka ndani ya tundu bila kukatika. Tunaona ni kosa la kweli la kisahani. Haitajenga nyumba. Ikipata mupenzi wake, inaweza kufanya makumi ya dola, ao chini ya pale.

Mama aliiangalia muda murefu. Kisha aliuliza kama zile 120 zinaweza kurudi. Tulimwambia ukweli: tutaenda naye kushitaki, namba ya telefone tuko nayo, lakini asihesabu juu yake. Alilia kidogo. Ile 80 hakuituma. Mwenzetu mumoja alisimama, akaweka kofia ku meza, na mbele ya watu kurudi kwao sehemu ya kwanza ya minervali ya watoto ilikuwa imepatikana. Si kwa piesi, kwa watu.

Lupu na mizani zimebakia ku biro ya sendika. Kila siku ya posho kisha mkutano tutaziweka ku meza. Mwenye kopo alete kopo. Hakuna malipo. Na kijana wa mama njo atakuwa anashika lupu, juu sasa anajua ngazi na ulimi wa nyoka kutushinda sisi.